Nimefika Winnipeg, Baba Naserian

Mpendwa Baba Naserian,

Nimepata mahali pa kukaa. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hujaniuliza afya yangu. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa njia. Nilianzia kwa mwanetu Lemayian kule Doha, ambako ukifungua mlango joto linakusukuma kifuani kama mkono wa mtu. Kutoka huko nikaenda kwa dada yangu Nyambura, Leeds, ambako mvua hainyeshi ikaisha wala haikatiki. Sasa niko Winnipeg, Kanada, kwa kifungua mimba wetu, Naserian. Miezi yote hiyo nimelala kwenye vitanda vya watu na kunywa chai kwa vikombe vya watu. Watoto walisema siwezi kubaki Kitengela peke yangu katika nyumba ile, nami sikuwa na nguvu za kubishana. Niliswagwa tu, nikaenda.

Nchi ya huku ungeipenda kwa macho. Ni tambarare kama kwetu zamani, kabla ploti hazijazungushiwa waya na nyumbu walipokuwa bado wanapita nyuma ya Noonkopir. Anga ni kubwa mno. Asubuhi ya kwanza nilisimama dirishani nikatazama upande wa kusini, nikitafuta Kilimanjaro. Nilijua haiko. Macho hayakujua.

Naserian anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Hutoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, maana jua la huku wakati wa baridi ni mgeni asiyekaa. Mimi nabaki na dirisha. Theluji hainitishi tena. Kinachonichosha ni ukimya. Siku nzima inaweza kuisha bila mtu kunisalimia. Dukani unapitisha vitu vyako kwenye mashine, mashine inakushukuru, unaondoka. Kwenye lifti watu hutazama viatu vyao.

Unakumbuka ulivyonisalimia mara ya kwanza? Baba yangu alikuwa ametoka Murang'a na kufungua duka pale Kitengela, la misumari, waya na chumvi ya ng'ombe, akaniweka kaunta. Akaniachia agizo moja: mteja asiambiwe kitu hakuna. Ukaingia wewe, mrefu, na shuka lako begani, ukasema, "Takwenya."

Sikujua neno moja la Kimaasai. Nilidhani ni jina la dawa ya kupe. Nikakumbuka agizo la baba, nikakujibu haraka, "Iko."

Ukanitazama vizuri. "Nani alikufunza?"

"Kufunza nini? Nimesema iko. Unataka ngapi?"

Ulicheka mpaka ukashika kaunta. Kisha ukanieleza kwa Kiswahili chako cha kukwama kwamba hiyo ni salamu anayopewa mwanamke, na kwamba jibu lake, kwa lugha yenu, ni hilo hilo nililolitoa. Ukanunua chumvi, ukaenda. Kesho yake ukarudi kununua chumvi nyingine, na kesho kutwa tena, hata baba yangu akauliza, "Huyu Maasai ana ng'ombe wangapi?"

Tangu tuoane hadi hospitali ilipokuchukua sauti, hukuniamsha kwa neno jingine. Ndugu zangu walizoea, watoto wetu wakatuiga wakituchezea. Juzi nilikuwa nikiosha sufuria, nikajisikia nimesema "Iko" kwa sauti, na hakuna aliyekuwa ameniita. Nilizima maji nikakaa kwenye kiti.

Siku nyingine nimekuwa nikiufikiria ule mwaka wa ukame mkubwa, ulipohamisha ng'ombe ukaelekea mpakani na nduguzo, ukakaa huko mpaka watoto wakaacha kuuliza. Uliporudi ulikuwa umekonda, na wale ng'ombe ungeweza kuwahesabu kwa kuwatazama mara moja. Nilikuwekea chakula, hukula. Nilikutandikia kitanda, ukaenda kulala nje karibu na boma. Mama yako alikuwa amekuja kutoka Isinya kukuona. Nilimlalamikia jikoni kwamba umerudi kama mgeni.

Akaniambia, "Mwache. Mwili umefika. Miguu bado inatembea."

Sikukuuliza kitu. Nilikuwa nakuletea chai pale nje, naiweka, naingia ndani. Baada ya muda ukaanza kuinywa ikiwa moto. Halafu siku moja ukaingia mwenyewe ukauliza kama kuna ugali. Wakati ule nilifikiri nimekuelewa, lakini nimekuelewa huku. Mimi pia nilifika Winnipeg nikashindwa kuketi. Nilikuwa nakunja blanketi kila asubuhi kana kwamba naondoka mchana.

Nilipata rafiki, kwa muda mfupi. Chini ya jengo kuna chumba cha mashine za kufulia. Nilikuta mama mmoja wa makamo anakunja mashuka huku akijiimbia wimbo wa kanisani, na maneno nikayasikia. Nikamwambia, "Mama, hicho ni Kiswahili?"

Aliangusha shuka. "Miye natokaka Bukavu. Na weye unatokaka wapi?"

"Kenya. Kajiado."

"Aa, Wakenya. Ninyi munasemaka Swahili ya vitabu."

Baba Naserian, mimi, ambaye watu wa pwani hunicheka nikifungua mdomo, nimeambiwa nasema Kiswahili cha vitabu. Nilicheka siku hiyo kuliko nilivyocheka tangu uondoke. Tulizoea kufua pamoja hata nguo zisipokuwa chafu. Kisha binti yake akajifungua katika mji mwingine, akamwita. Aliniaga pale pale kwenye mashine, akanipa sabuni iliyokuwa imebaki. Kesho yake nikashuka na nguo zangu, nikazitazama zikizunguka, nikaamua kurudi nyumbani.

Nilimwambia Naserian Jumapili, tulipotoka kanisani. Nilimwambia nashukuru, lakini msimu wa mvua unikute Kitengela. Alikuwa anavua viatu mlangoni. Akasema, "Sawa, mama." Akavivaa tena, akasema amesahau kitu kwenye gari.

Alikawia. Chakula kikapoa. Nikavaa lile koti zito nikashuka kumtafuta, nikamkuta kwenye maegesho, ameketi ndani ya gari, injini imezimwa, analia. Si kile kilio cha machozi mawili. Alikuwa analia kama alivyolia akiwa mdogo, mdomo wazi. Niliingia nikakaa kando yake.

Mwisho akasema, "Mama, unajua mbona nilikuita huku?"

"Mlisema siwezi kukaa peke yangu."

"Huyo ni Lemayian alisema hivyo. Mimi ndiyo siwezi kukaa peke yangu."

Ndipo akaniambia, na hili ndilo lililonikalisha kukuandikia, kwa sababu uliondoka bila kulijua. Mume wake alimwacha. Si juzi. Wewe ulikuwa bado unatembea na fimbo yako. Zile simu zote alizosema mume yuko kazini, anawasalimia, amelala, amesafiri, hakuwako. Hata alipokuja peke yake kukuzika, akatuambia mwenzake amenyimwa ruhusa kazini, alikuwa anarudi kwenye nyumba tupu. Nami nilipofika huku aliniambia yuko kazini mji wa mbali, nikaamini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Baba alikuwa mgonjwa. Na alikuwa anampenda yule. Kila nikipiga ananiuliza, mkwe wangu yuko aje. Ningemwambia nini?"

Akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Mama, naosha wamama wa watu siku nzima. Nawalisha, nawachana nywele, nawauliza kama wamelala vizuri. Nikirudi hapa hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekula. Tangu ukuje, nikiwa pale chini naona taa ya jikoni inawaka. Nakaa kwa gari kidogo naiangalia tu, ndiyo nipande."

Mimi niliyekuwa nikidhani nangojea dirishani bure.

Nilimshika kichwa nikakilaza begani pangu, na makoti yetu yalivyo mazito tulikuwa kama mifuko miwili ya mahindi imeegemezwa. Nikamwambia, "Sirudi sasa."

"Usikae kwa sababu unanihurumia."

"Wewe ni mtoto wangu. Nisipokuhurumia wewe nimhurumie nani? Twende ule."

Tulipanda, nikapasha chakula moto, akala ameketi. Nilikuwa nimeona kila siku anakula amesimama karibu na jiko na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Sitakudanganya kwamba upweke umeisha. Bado asubuhi ni ndefu. Bado hakuna wa kunisalimia, na nikizungumza na Naserian kwa Kimaasai changu kibovu ananijibu kwa Kiingereza bila kujua. Lakini sasa nikikaa dirishani najua ninachofanya pale.

Mume wake usimlaani. Mwache aende. Na binti yako usimkasirikie kwa kukuficha; alitaka ulale ukiwa na amani, na ulilala nayo.

Kaburi lako nimemwachia ndugu yako. Aliniahidi kulifagia na kuzuia mbuzi wasipande juu. Kwenye simu ananiambia mvua imenyesha Isinya na nyasi zimepanda kotekote. Zikikufunika kidogo, vumilia. Ile nafasi iliyo kando yako ni yangu, nimewaambia watoto wote wawili, na hakuna atakayeijadili. Nitakuja. Lakini ukiona nimekawia, usidhani nimepotea njia. Niko kwa mtoto wako, na kama ungekuwa hai ungenituma wewe mwenyewe.

Pumzika vizuri, mzee wangu.

Mkeo,
Mama Naserian