Niliacha Sigara, Dawa Ikanizidi

Dal-ho rafiki yangu, usicheke. Leo nimesinzia mbele ya wageni, uso ndani ya supu ya mwani, siku ya kuzaliwa ya mama.

Nimezindukia hospitali. Mama anadhani nimemeza klozapini, ile dawa ya kunyamazisha sauti za kichwani mwangu, mara mbili. Namwapia ni kipimo kilekile.

Daktari akauliza, "Umeacha sigara?"

Nikajisifu, "Wiki mbili sasa."

"Ulimwambia nani?"

"Mtaa mzima."

"Isipokuwa mimi."

Isipokuwa yeye, Dal-ho. Kumbe moshi ulikuwa unaiondoa dawa mwilini haraka. Nilipoacha, ikajaa.

Mama akauliza, "Basi arudie kuvuta?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye nitakayepunguza dozi, yeye asiibadilishe mwenyewe."

Nimelazwa. Mama yuko kando yangu, anahesabu pumzi zangu. Najifanya nimelala ili asione kuwa nami nazihesabu.