Waya Mnene wa Mwanangu

Jumapili, 3 Machi

Anakuja! Mkuu wa redio mwenyewe anakuja nyumbani kwangu, kukaa kwenye kochi langu, kumshuhudia mwanangu! — Haya, daftari, hujambo. Siku nyingi. Tulia nikueleze.

Mchana mwanangu kaingia mbio na simu mkononi. Mkuu kakubali kuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita kuujaribu ule waya. Akiridhika, anamrudisha kwenye kiti chake studio, na umeme wote wa studio ataubadilisha yeye. Miezi saba yuko nyumbani! Miezi saba ananikwepa macho mezani. Walisema wanapunguza watu. Wivu tu. Fundi mitambo gani mwingine pale wenzake wanamwita Sikio? Ana miaka minne tu alikuwa akisikia hatua nje, anasema huyo baba, kiatu cha kushoto kimelegea. Tukiangalia — kimelegea! Mimi nimezaa, bwana. Wengine wamepata watoto.

Jumatatu, 4 Machi

Habari ya waya niiandike vizuri. Tangu mwaka jana analalamika kwamba mashine yake ya muziki imefifia. Spika zile zile, amplifaya ile ile, lakini eti matoazi yamekufa, na waimbaji wa kike wanaimba ndani ya blanketi. Kosa ni umeme, kasema. Umeme wa nyumba hii mchafu. Nilinuna — nyumba yangu mimi, chafu? Akacheka, akasema hapana mama, friji ndiyo inatia kelele. Basi akasuka waya wake mwenyewe, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umevishwa nyuzi nyeusi kama soksi. Akafunga na soketi mpya ukutani, ya amplifaya peke yake. Siku ile ya kwanza alifumba macho, machozi yakamtoka. "Mama, yamerudi." Matoazi. Mimi sikusikia kitu kipya. Lakini mimi nani? Darasa la saba.

Leo kaja mdogo wangu, yule fundi umeme. Siku ya mkuu yeye ndiye atakayebadilisha nyaya nyuma ya pazia, mara kumi, mnene au ule mwembamba wa zamani, na mwanangu amempa mgongo, anasikiliza na kutaja ni upi. Hakuacha kuchokoza. "Mjomba, umeme unatoka huko mbali, milima na mabonde, kwenye waya wa kawaida. Ukifika sebuleni kwa dada ndiyo uoge kwenye mita moja?"

Mwanangu akamjibu: "Hata wewe mjomba umetoka mbali na vumbi lako, lakini mlangoni tumekuvua viatu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta!

Jumatano, 6 Machi

Kasikiliza asubuhi nzima. Kasema waya umekomaa, kila siku unazidi kusafisha. Kanishika mkono, kanikalisha: "Sikia hilo, mama! Hilo!" Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Nimemwalika jirani yangu, yule mshonaji. Na wifi zangu watatu. Sikuweza kujizuia, mdomo ulikwenda wenyewe. Wifi mkubwa kauliza, mwanao bado anakaa tu? Nikamwambia njoo tarehe kumi na sita ulione kaa lenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu. Nimefanya nini.

Nilikuwa nafagia sebuleni. Nikainua kitambaa cha meza ndogo — waya mnene uko chini, umejikunja kama paka. Nikakaa sakafuni. Ndipo nikakumbuka. Ijumaa iliyopita nilipiga pasi shati lake pale pale, nikaazima ile soketi mpya. Nilipomaliza, waya wake ulinishinda, mgumu, mzito, hauingii nyuma ya mashine. Nikasema ngoja nichomeke ule mwembamba kwa muda, nisikilize taarifa ya habari. Nikauchomeka soketi ya zamani, pamoja na friji. Nikasahau.

Tangu Ijumaa! Ile "sikia hilo mama" ya jana — ni waya mwembamba. Na friji inanguruma pembeni.

Nikampigia mdogo wangu. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasema, dada, waya haunisumbui, siku zote nilijua waya ni waya. Jumatatu nilibonyeza kengele mara sita. Yeye nilimwona dirishani, kakaa sebuleni, mashine imezimwa. Ukaja kunifungulia wewe, kutoka uani.

Nikamwambia asimtie mwanangu kasoro. Nikamkatia simu.

Ijumaa, 8 Machi

Birika la filimbi. Mwanangu anasoma gazeti jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko linalowaka. Mimi niko mlangoni. Likaanza kulia. Nikaliacha. Likalia mpaka meno yakaniuma. Kafungua ukurasa mwingine. Mvuke ulipomfikia usoni ndipo akainua kichwa.

"Mama, maji yamechemka."

Jumapili, 10 Machi

Sasa kila kitu kinanirudia. Kule redioni wasikilizaji walikuwa wakipiga simu, eti vipindi vyake vinachoma masikio, vinapiga miluzi. Alinisimulia mwenyewe akicheka: mama, watu hawajazoea usafi. Kumbe alikuwa akiongeza kile asichokisikia. Hawakumwonea wivu. Miezi saba nimewalaani watu wa watu.

Waya mnene nimeurudisha alipokuwa anaoga. Nimevunjika kucha mbili. Katoka, kawasha, kafumba macho. Hakuna alichogundua. Uso ule ule, furaha ile ile.

Chakula cha mchana nikajaribu. Nikamwambia mwanangu, twende hospitali siku moja, wapime masikio, mimi yangu yananisumbua, na wewe upimwe kwa kunisindikiza. Nilijiona mjanja. Akanipigapiga begani.

"Yako tutayapima, mama. Yangu dawa yake iko ukutani."

Jumanne, 12 Machi

Daftari, usinihukumu. Nimefikiria wizi. Nitakaa karibu na pazia, nione mkono wa mdogo wangu, nikoroge chai. Kijiko kikigonga kikombe mara moja, ni mnene. Mara mbili, mwembamba. Ishara ya macho haifai, akisikiliza hufumba. Lakini kabla ya kumwambia nijaribu kwanza kama atakisikia. Nikasimama nyuma yake. Nikagonga. Nikagonga tena. Nikagonga kama mtu anayeita watu kula.

Mshonaji ndiye aliyechungulia dirishani. "Shoga, unatafuta nini humo kikombeni?"

Mwanangu akaona kivuli cha mshonaji dirishani, ndipo akageuka. Akasema, mama, umesimama hapo tangu saa ngapi?

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwomba mdogo wangu ampe majibu kwa njia yoyote. Kakataa. Kasema, dada, akishinda kwa uongo atarudishwa mitamboni, na miluzi itaanza wiki ile ile, safari hii watamfukuza mbele ya nchi nzima. Nikamwambia basi tuahirishe. Kasema mwambie mwenyewe, wewe ndiye mama. Maneno mepesi hayo akiwa kwake!

Nimeazima viti kumi na viwili. Shati nimelipiga pasi, chumbani, mbali na ukuta wake. Wifi mkubwa kapiga simu, atakuja na wanawe wote. Mshonaji kamaliza pazia, kakataa nimlipe. Katibu wa mkuu naye kathibitisha, saa nne asubuhi, kamili.

Jioni hii mwanangu anafuta amplifaya kwa kitambaa laini, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Ananiimbia na wimbo. Kasema, "Usiogope, mama. Si unayajua masikio yangu?" Nikasema nayajua. Nani ayajue kama si mimi.

Akanipa mgongo, akainamia soketi. Nikapata nguvu. Nikanong'ona, nikiwa hatua moja nyuma yake: "Mwanangu, si umeme. Ni wewe." Yote nimeyasema, na lile neno la hospitali pia. Nimesema mara mbili.

Aliendelea kufuta. Aliendelea kuimba.

Kwa sauti kubwa sitaweza. Na wote wanakuja Jumamosi.