Nyumba Yangu Kwenye Simu za Watu

Nyumba ya mwisho,
Njia ya Machimbo.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za hapo kazini kwako. Nasikia baridi ya huko imewahi mwaka huu. Je, lile koti zito ulilosema linakufanya utembee kama kabati mmeshapatana, au bado mnagombana? Na wazee unaowahudumia hawajambo? Yule bibi anayekuita kwa jina la binti yake, nisalimie sana.

Sisi huku miili ni mizima. Mvua imenyesha vizuri, mboga zimestawi, paa halivuji. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo mema niliyo nayo, na sikutaka uyakose.

Ulipopiga simu majuzi ukaniuliza mbona sauti yangu iko mbali, nikasingizia mtandao. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusema, Mama Mdogo. Mtu niliyetaka kukulilia habari zake alikuwa ameketi mbele yangu, ananywa chai.

Unajua jinsi tulivyofika hapa. Kule mjini tulikuwa tunafanya kazi ili tulipe pango, na tukishalipa pango tunafanya kazi tena. Mume wangu anatoka na mkoba wake wa ufundi umeme kabla jua halijachomoza, mimi nakwenda kwenye chumba cha kushona cha hospitali, jioni tunakutana tumechoka hata kuulizana habari ni kazi. Ndipo akaisikia hii nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya mji, aliyokuwa akikaa mlinzi wa machimbo ya mawe kabla hayajafungwa. Tuliinunua kwa akiba yetu yote. Madirisha hayakuwa na vioo, na mbuzi wa watu walikuwa wamefanya sebule kuwa yao.

Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Kuta tulizipaka chokaa kwa mikono yetu. Hospitali walipouza mashuka yaliyochakaa nikayachukua, nikayakata sehemu zilizo nzima, nikashona mapazia. Mume wangu akatengeneza kabati la mkaa: fremu ya mbao, wavu pande zote, katikati amejaza mkaa. Asubuhi unaumwagia maji, na mchicha unakaa mbichi siku kadhaa bila umeme wowote. Siku alipolimaliza alinifunika macho kwa kitambaa, akanishika mkono mpaka mbele yake kana kwamba amenijengea ghorofa. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sufuria zilizotoboka nikazipandia vitunguu. Pipa likakinga maji ya paa. Nikajifunza kuchemsha sabuni kwa mama mmoja wa zamu ya kufulia pale hospitali, mkali kuliko sabuni yenyewe, naye alinionya jambo moja kila siku: ile sabuni ina magadi makali, ukishaikata vipande uiache rafuni ipumzike wiki nyingi mpaka ukali uishe. Ukiwa na haraka, kafue kwa maji matupu. Tulikuwa na kidogo, Mama Mdogo, lakini hatukuwa na deni la mtu wala kelele za mtu. Nilidhani hilo tumelijenga wawili.

Kisha wifi yangu akaja. Ni yule mdogo wa mwisho wa mume wangu, mwenye sauti nzuri, uliyemsema siku ya harusi yetu kuwa anaweza kumuuzia samaki maji. Duka alilokuwa akiuza nguo lilifungwa, akabaki hana pa kwenda. Mimi ndiye niliyesema aje. Nikamshonea godoro, nikampa chumba cha mbele. Nikamfundisha kila kitu, kuanzia kutia maji kwenye kabati la mkaa hadi kuchemsha sabuni, naye akawa anauliza maswali mazuri, huku akishika simu. Nikafikiri anaandikiana na marafiki.

Siku moja niko kwenye cherehani, msimamizi wetu wa chumba cha kushona akanijia na simu yake.

“Njoo uone,” akasema. “Haya mapazia si yale mashuka yetu? Nimeijua hii mistari ya bluu.”

Nikatazama. Ilikuwa sebule yangu. Wifi amesimama katikati amejifunga kitenge changu kipya, anatabasamu kama amezaliwa humo. “Karibuni nyumbani kwangu,” anasema. “Mimi ndiye Mama Asilia. Nilipoamua kuishi maisha rahisi, watu walinicheka. Hizi kuta nimezipaka mwenyewe. Haya mapazia nimeyashona mwenyewe.” Akafungua kabati la mkaa, akatoa mchicha, akaunusa.

Ningeweza kucheka, nakuapia. Ni msichana, ametafuta riziki, amepamba maneno. Lakini alipounusa ule mchicha alipiga chafya, na mtu aliyekuwa ameshika kamera akacheka. Kicheko kile nakijua. Huanzia puani, halafu kinakwama, halafu kinatoka chote. Nimeolewa na kicheko kile.

Msimamizi akaniuliza, “Kumbe nyumba ni ya wifi yako?” Nikasema nina kazi ya kumaliza.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu anakaza skrubu kwenye mlango wa choo. Nikamuuliza. Hakuacha hata kukaza.

“Aa, ile? Ni mchezo tu wa kwenye simu.”

“Amesema nyumba ni yake.”

“Watu wa kwenye simu hawajui yupi ni yupi. Mwache mtoto wa watu apate pa kuanzia.”

“Na mimi niko wapi kwenye huo mchezo?”

Akanitazama, akasema kwa upole kabisa, “Wewe una kazi yako, mke wangu. Yeye hana kitu.”

Nilijiambia sitaki kuwa yule mke wa kaka anayehesabia watu tonge. Lakini tangu hapo nyumba ikaanza kujaa. Sisi tuliohama mjini ili tuishi na vichache, tukaanza kuletewa vikapu vya kupiga picha, vijiko vya mbao visivyopikiwa, chungu ambacho hakijawahi kuona moto. Beseni langu jekundu la plastiki likafichwa uvunguni kwa kuwa “linaharibu picha”. Siku moja nimetoka kazini na njaa yangu, mume wangu akanipungia mkono kutoka dirishani nizunguke nyuma, wanarekodi. Nikaketi jikoni kwangu kimya kama mwizi, nikimsikiliza wifi akieleza watu jinsi alivyochemsha sabuni yake ya kwanza. Maneno yalikuwa yangu. Hata yule mama mkali wa kufulia alimtia, akamgeuza bibi yake marehemu.

Watu wakaanza kuagiza sabuni. Kwanza alichukua zangu za rafuni, zilipokwisha akachemsha mwenyewe. Niliziona zile alizokata, bado zinateleza, anazifunga kwenye karatasi na kamba ya katani. Nikamwambia, “Wifi, hizi bado. Zitaunguza mtu.” Akasema ameshaahidi watu. Nikamwambia mume wangu vilevile, mbele yake. Akasema, “Atasubiri, nitamwambia.” Nikamwamini, kwa sababu ndivyo nilivyozoea.

Jumamosi iliyofuata msusi alikuja. Ana banda lake karibu na soko, alinunua sabuni ya kuoshea taulo na vichwa vya wateja. Aliingia uani amenyoosha mikono mbele kama amebeba kitu. Mikono ilikuwa myekundu hadi viwiko, na vidole vimefanya malengelenge. Msusi, Mama Mdogo. Vidole ndiyo jembe lake.

“Mama Asilia yuko wapi?” akauliza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na lile tabasamu lake. Lilianguka. Akasema haraka, “Pole sana, dada. Mimi naonyesha tu kwenye simu. Sabuni anachemsha wifi yangu.” Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimeinama kwenye vitunguu vyangu.

Sikushtuka sana. Nilijua mume wangu yuko pale, ameketi kwenye kizingiti, na yeye ndiye aliyembebea wifi yale magadi kutoka dukani. Nikamgeukia nimpe nafasi ya kusema.

Msusi akamuuliza, “Baba, ni kweli?”

Akatazama mikono ya yule mwanamke. Akamtazama dada yake. Mimi hakunitazama. Akasema, “Ndiyo. Ni mke wangu anayetengeneza.”

Sijui nikuelezeje. Nimewahi kuteguka mkono, nimewahi kuzaa na kuzika, wewe unajua. Lakini hili lilikuja bila kelele. Nilijiona nimesimama na udongo mikononi, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba beseni la maji liko uvunguni, na huyu mtu anahitaji maji.

Nikalivuta beseni, nikamwosha mikono kwa maji mengi, nikampeleka hospitali kwetu. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri. Nikamwambia, “Dada, sikuichemsha mimi hiyo sabuni.”

Akanijibu bila hasira. “Mumeo amesema ni wewe. Sasa mimi nimwamini nani?”

Mtu baki angenisingizia, ningesema hanijui.

Nilirudi jua linazama. Wifi alikuwa amejifungia chumbani. Mume wangu alikuwa amepika, jambo asilolifanya mara nyingi, na amenipakulia. Nikamuuliza swali moja tu: kwa nini?

Alizunguka sana. Kwamba watu wangemshambulia dada yake kwenye simu. Kwamba ndiyo kwanza anainuka. Kwamba hospitali wananijua, wangenihurumia. Mwisho akasema lile la kweli: “Yeye angevunjika. Wewe ungevumilia.”

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuteleza. Alinipima, akanitwisha mzigo kwa kile kile alichokuwa akinisifia. Miaka yote aliposema mke wangu mvumilivu, mke wangu hana makuu, nilidhani ananipenda kwa hilo. Labda alinipenda. Lakini alikuwa pia anajua mzigo utakaa wapi ukihitajika pa kukaa.

Nikamwambia sitakula, na sitapiga kelele. Nikamwambia kesho atakwenda bandani kwa msusi, mbele ya wateja wake, aseme nani alichemsha, na nani alionywa asiuze. Akasema nampa aibu. Nikamwambia aibu ninayo mimi, namrudishia tu.

Alikwenda. Nilikwenda naye, nikasimama nje. Alisema yote, sauti ikikatika, na wanawake waliokuwa wakisukwa wakageuza vichwa na nywele nusu. Msusi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Haya, nimesikia. Na huyo mkeo ulimwambia pole?” Alikuwa bado hajaniambia.

Ameniambia tangu hapo, mara nyingi. Mikono ya msusi imepona, anasuka tena, na amenisuka mimi bila kunikubalia nilipe. Wifi aliondoka siku ileile na vikapu vyake, akapanga chumba mjini. Bado yumo kwenye simu. Msimamizi wangu anasema siku hizi anaeleza jinsi alivyosalitiwa na watu wa karibu, na watu wanamwandikia pole kwa wingi. Sikutaka kuona.

Wapo wanaofika mpaka mlangoni kuiona nyumba ya Mama Asilia. Nawaambia amehama. Wengine wanaomba kuingia waone mapazia tu. Nawafungulia, nawaonyesha, na wakiuliza nani aliyashona nasema ni mimi. Wachache wananitazama kama mwongo.

Mume wangu yupo, amehamia chumba cha mbele. Tunasemezana mambo ya maji na kuni. Kila asubuhi anamwagia maji kabati la mkaa kabla sijaamka, namsikia. Si mtu mbaya, nami sitaki umchukie, maana najua wewe ukichukia huchukia hadi viatu vya mtu. Lakini siku moja alicheka na jirani nje ya dirisha, kile kicheko cha puani, nikajikuta natazama pembeni nione kamera iko wapi. Hilo ndilo aliloniondolea. Kuta nyeupe zipo, mboga zipo, kodi hatudaiwi. Nilitaka nyumba yenye vitu vichache kwa sababu nilidhani nina mtu mmoja ndani yake nisiyehitaji kumchunga.

Sihami. Kila msumari humu naujua. Kama kuna wa kuondoka si mimi, na kama yeye ni wa kubaki, itabidi nimjue upya polepole, kama mgeni. Sijaamua. Usiniharakishe, tafadhali, na usimwambie mama kwanza. Atapanda gari kuja kabla hajavaa kiatu cha pili.

Nisalimie baba mdogo na mabinti wote wawili. Mwambie yule mkubwa nimepokea picha ya mahafali, nimeibandika jikoni. Mwambie yule mdogo aache kukata nywele mwenyewe. Huku jirani mwenye mbuzi anakusalimu, msimamizi wangu anakusalimu, na msusi, ambaye hakujui, anasema nikusalimie pia.

Mungu akutunze katika baridi hiyo, akupe watu wa kukusemea ukweli ukiwepo na usipokuwepo.

Mume wangu naye angekutumia salamu, siku zote huwa anaongeza mstari wake hapa chini. Safari hii sijamwambia kuwa nakuandikia.

Mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Kidoti