Sura Mbaya Zaidi

Burbank, Juni 1958

Dada Thelma,

Nyanya zangu zimeiva, na paka amezalia kwenye kofia yangu.

Umeuliza mbona mwandiko wangu umeharibika. Machi nilipata kiharusi. Mdomo umepinda, na sasa naandika kwa mkono wa kushoto.

Juzi nilikwenda studio ya filamu ninakoigiza. Mwongozaji akanitazama, akasema, "Orville, kapumzike nyumbani. Uso huo haufai tena."

Nikamwambia, "Miaka thelathini mmenipa nafasi za majambazi kwa sababu ya sura mbaya. Leo imezidi kuwa mbaya, ndipo mnanifukuza?"

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye akanuna, kisha akanipa nafasi ya hakimu.

Usije kuniuguza. Ukitaka kuniona, kata tiketi ya sinema.

Kaka yako,
Orville