Mfungueni Mwadime

Kwako Mama,

Shikamoo. Goti lako limekubali kupanda kilima kwenda kanisani? Mimi huku Kabras ni mzima, ila mvua imeharibu barabara na trekta yangu ya miwa inakwama matopeni kila kukicha.

Ujumbe wako niliupata. Eti Mwadime amefungwa kamba ghalani, kwa kuwa Baba Mdogo anasema mwenye skizofrenia lazima siku moja ataua. Sikupiga simu kwa sababu ningefoka, na wewe si wa kufokewa. Lakini niambie, ndugu yangu amempiga nani? Hata kuku amemrushia jiwe? Anaongea na watu tusiowaona, basi! Nimekasirika Mama, sifichi.

Sasa nisikilize. Genge ninalobebea miwa lina mkataji anaitwa Shikuku. Ugonjwa wake ni ule ule wa Mwadime, na yeye ndiye anayenoa mapanga ya wote. Asubuhi wenzake wanamwachia mapanga, anachuchumaa na tupa yake, ananoa huku akibishana na sauti zake. Hakuna anayeshtuka. Panga butu huteleza kwenye muwa likakata mguu, kwa hiyo wakataji hawataki mkono mwingine ila wake. Dada yake, Mama Nafula, ndiye anayetupikia. Akishamlisha obusuma, ndio ugali wa huku, na mboga anamsimamia anywe dawa, na siku ya kliniki wanapanda boda pamoja mpaka Kakamega mjini.

Juzi akaja dereva mgeni. Akamwona Shikuku anashuka kwenye mstari wa miwa, mapanga kibao mikononi, anaongea peke yake. Yule dereva akapiga mayowe: "Kichaa ana panga! Anaua!" Watu wakamiminika kutoka barabarani na fimbo. Shikuku hakukimbia. Alipiga magoti, akayalaza mapanga chini taratibu, akafunika kichwa kwa mikono. Wakampiga hivyo hivyo, damu ikamtoka. Nilikuwa juu ya trekta. Mpaka niruke chini, Mama Nafula alishafika na mwiko wake wa ugali.

"Muanze na mimi!" akawaambia. "Huyu anakunywanga dawa yake kila siku. Nyinyi mnakunywanga nini?"

Wakataji wote wakamzunguka Shikuku kumkinga. Wale wenye fimbo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, macho chini.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Daktari akamshona, akaniambia wengi wenye ugonjwa huu hawamgusi mtu, wao ndio wanaopigwa. Njia nzima kutoka pale nilikuwa namwona Mwadime.

Asubuhi yake Shikuku alikuja kazini na bandeji. Nilidhani atalalamika. Wapi! Aliniuliza, "Yule dereva alishtuka sana. Mlimpatia chai?" Mama, mimi ningemtafuta nimvunje meno! Tangu hapo namheshimu mtu huyu kuliko mchungaji yeyote, Mungu anisamehe. Na dada yake pia, mama wa watu, hajawahi kumwonea aibu.

Kumbe inawezekana, Mama. Dawa, chakula, kazi, na mtu mmoja asiyekuogopa. Mwadime alikuwa fundi wa kusuka vikapu kabla hamjamfungia, na hospitali ya kaunti iko hapo hapo. Mpeleke. Usimsubiri Baba Mdogo akubali, Mwadime hakuzaliwa na yeye. Najua unaogopa majirani watasema nini. Waache waseme, midomo ni yao.

Nisalimie Baba, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, na shemeji mwalimu. Baba Mdogo naye msalimie, ni baba yangu, ila mwambie nakuja mwisho wa mwezi na tutaongea.

Ukimaliza kusoma barua hii mpe Mwadime aisome mwenyewe, usimsomee. Nataka aishike kwa mikono yake miwili.

Mwanao,
Mwakio