Chuo Alichosoma Kaka

Dada, salamu nyingi kutoka huku nyumbani.

Ile redio ya jirani nimeitengeneza bila kufundishwa na mtu. Inaongea, ila haizimiki!

Mama anataka nikasomee uhandisi kile chuo chepesi. Mimi roho yangu ilikuwa kwenye kile kigumu, kilichomnyima kaka yetu usingizi mpaka tukamzika. Jana nikaenda kukiona. Karakanani mwalimu mzee akaniangalia, akafoka, "Kimya, umechelewa tena?"

“Kimya” ni jina la utani la kaka; alinidhania ni yeye! Nami nikajibu, "Samahani, mwalimu." Nikakaa, nikashika penseli. Haki ya Mungu, sikutaka kuinuka, na hilo ndilo lililonitisha.

Leo nimesaini fomu ya kile chepesi, mbio mbio, kabla moyo haujageuka. Mama kafurahi, anadhani nimemsikiliza yeye. Mwache adhani hivyo.

Mdogo wako msumbufu