Jina Ambalo Mianda Aliapa Kutolitaja

Jumatano, 3 Julai 1974

Leo nimekula sahani moja ya upatanisho na Mianda. Bukari, ugali wetu, imepoa, samaki wana mchanga — nimemeza kwa raha kuliko siku ya harusi yangu! Mbele ya tata Mukalay, shefu anayesimamia kambi yetu ya wafanyakazi, na wanawake wote wa bombani, ameapa: hatasema tena kwamba mimi, Mbelu, ni mchawi, kwamba nilimla mtoto wake wa kwanza. Akirudia, mumewe atamrudisha kwao Kasai. Nikamwongezea tonge.

Jumapili, 14 Julai

Kila asubuhi namsalimu bombani, kwa sauti. Hana budi kuitika. Jana nikamwambia aondoe ndoo yake mbele ya yangu. Akaiondoa. Mdomo ule uliokuwa haufungwi! Hatavumilia. Nasubiri avunje kiapo.

Alhamisi, 18 Julai

Kalombo, mtoto wake wa pili, ana surua. Sikwenda kumwona.

Jumamosi, 20 Julai

Kalombo amekufa alfajiri. Niliwaza matanga kabla ya kumwaza mtoto. Kwetu mama akimlilia mwanawe humwambia nani amemla. Mianda atanitaja tu, kilio kitamshinda. Nimevaa kitenge kipya, nimemchukua mama Tshiela awe shahidi wangu, tumekaa mkekani mbele kabisa, goti kwa goti na mfiwa. Huruma? Sina. Kwa maneno yake watoto wangu hawana wa kucheza naye.

Amelia tangu asubuhi. Kamtaja babu yake, mama yake, kaburi la yule wa kwanza. Mimi bado. Namwangalia midomo tu. Jua lilipokuwa kali akamwinamia mtoto, sauti imekwisha.

— Kalombo, mutoto yangu, jina balinikataza. Mi sisemi. Lakini we unamujua. Ukuye kumutafuta.

Amemwomba marehemu aje kumtafuta aliyemla. Wote wakanigeukia. Wote! Nikamgusa Tshiela: umesikia? Akasema hakusikia jina la mtu. Halafu akavuta kitenge chake kisiguse changu.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekwenda kwa tata Mukalay. Nimedai kiapo kifanye kazi yake: Mianda arudi kwao, leo hii, matanga au si matanga. Akauliza kama alinitaja. Nikasema hapana, lakini alinisema mimi. Akaweka kikombe chini.

— Sasa we, mama Mbelu, ulijuaje ni we?

Mjinga mimi! Ameagiza kesho asubuhi nijibu mbele ya kambi nzima, Mianda akiwepo. Nikisema ni mimi, nimejitaja kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, amerudia kunisema na amepona adhabu.

Nimerudi kupitia bombani. Foleni ilifika barabarani, wakanipisha wote nichote kwanza. Nilipotua ndoo mlangoni nikageuka: walikuwa wameacha maji yamwagike chini, bado hakuna anayekubali kuchota baada yangu.